Mashine Iliyokohoa Kumsenyi

Sauti ilitangulia. Kabla boti haijaonekana, kabla hata mafunjo hayajatikisika, mngurumo wa mashine ulipanda kutoka mtoni, ukaruka juu ya migomba na kuingia uani kwa Bibi Ernesta. Ulikuwa mngurumo mnene, wa kushiba. Kisha ukakonda. Ukawa kama pumzi ya mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Ukakohoa, ukakohoa tena, ukanyamaza.

Evaline aliinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imejaa mawese. Alikuwa amechuchumaa kando ya madumu ya bibi yake, madumu ya kupakiwa kwenye basi la Kibondo mjini, na kazi ya kuyafunga hakuna aliyeiweza kumshinda yeye katika kijiji kizima cha Kumsenyi. Alikata kipande cha nailoni, akakilaza juu ya mdomo wa dumu, akakaza kifuniko mpaka kiganja kikamuuma. Dumu lililofungwa na Evaline ungeweza kulilaza, kulisimamisha au kulibingirisha upendavyo. Tone la mafuta halikutoka.

"Imezima tena," alisema.

"Yewe, funga dumu," alijibu Bibi Ernesta. "Mashine ina mwenyewe, ni baba yako. Madumu yana mwenyewe, ni wewe."

"Lakini imezimia katikati ya mto, Bibi!"

Bibi akatega sikio. Hakukuwa na mngurumo. Kulikuwa na kelele za watoto, mbali, juu ya maji. Bibi akamnyang'anya kile kipande cha nailoni. "Haya, kimbia ukaone. Haya yaliyobaki nitayafunga mimi."

Evaline alishuka mteremko mbio, gauni lake likishika umande wa maharage. Mto Malagarasi wakati wa masika si mto wa kuchezea. Maji huja mekundu kutoka vilimani, yakibeba magogo na nyasi, na pembeni mwake, ndani ya mafunjo, viboko hulala wakingoja jioni. Watoto wa ng'ambo huvuka kila asubuhi kuja shule iliyo upande huu, na boti ya kijiji ndiyo inayowavusha. Asubuhi hiyo boti ilikuwa inateremka kwa ubavu, bila nguvu, moja kwa moja kuelekea kwenye mafunjo.

Nyuma ya boti alisimama Majaliwa, baba yake Evaline. Hakupiga kelele. Aliinama, akafungua kifuniko cha tenki la petroli, akachungulia, akakifunga. Akang'oa plagi, akaifuta kwa upindo wa shati, akairudisha. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma kama vile haijawahi kuugua maishani mwake, boti ikageuka, ikaupanda mkondo kwa hasira na kufika kivukoni.

Wanafunzi waliruka nchi kavu. Wa kwanza alikuwa Renatus, mvulana wa darasa moja na Evaline, mwenye mdomo usiopumzika.

"Mashine ya baba yako imezingua tena," alisema. "Ina kifaduro. Ipeleke zahanati ikachomwe sindano." Kisha akaanza kuimba, na wenzake wakadakia:

Mashine ya Majaliwa
yanguruma ikikaa,
ikifika kati mtoni
inazimika kama taa!

"Shairi lenyewe linachechemea," Evaline alimjibu, macho yakiwaka. "Ungejua kuogelea kama unavyojua kuropoka, usingehitaji boti."

Watoto wakacheka, lakini mmoja hakucheka. Nadine, mdogo wake Renatus, mtoto wa darasa la kwanza, alikuwa bado amekaa ndani ya boti. Alishika ubao kwa mikono miwili.

"Nimemwona," alisema. "Nimeona masikio ya kiboko. Jioni sipandi. Nitalala shuleni."

Majaliwa alimbeba akamweka chini taratibu. Evaline aliuona uso wa baba yake, na hasira ya kumjibu Renatus ikamwisha. Baba alikuwa mtu wa kujiamini. Kijiji kizima kiliinua mikono siku ya kumchagua aendeshe boti, na tangu siku hiyo hakuwahi kuchelewa wala kuvusha mlevi. Sasa alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayemtazama ng'ombe wake asiyekula, asijue amuite nani.

Juzi alipuliza mpira wa petroli kwa mdomo, mashine ikawaka. Jana aligonga kabureta kwa bisibisi, ikawaka. Leo amefuta plagi, nayo imewaka. Kila siku dawa mpya, na kila siku ugonjwa uleule. Tena siku nyingine haikuugua kabisa, ikavuka na kurudi ikiimba. Hapo ndipo palipomtesa zaidi.

Evaline alijiona ana sehemu yake katika boti ile. Jioni, baada ya shule, yeye ndiye aliyeikomba maji, akaisugua mbao na kupangusa tenki. Zamani akina mama walilalamika kwamba petroli inamwagika boti ikiyumba na kunukisha unga wao. Mmoja alitupa debe zima. Baba alisema, "Kesho nitatazama," na kesho ile haikufika. Siku hizi hakuna aliyelalamika tena. Unga ulikuwa unga, haukunuka kitu. Evaline alijua ni kwa nini, naye alitembea kifua mbele akingoja siku mtu atakapoona na kuuliza. Hakuna aliyeuliza.

*

Mzee Stanislaus, mwenyekiti wa kamati ya boti, alikuja nyumbani jioni. Hakukaa, ingawa Bibi alimwekea kigoda.

"Majaliwa," alisema, "mimi nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kukuita. Leo watoto wa watu wamekaribia viboko. Wazazi wa ng'ambo wamechachamaa."

"Wana haki, Mzee."

"Kuna maneno mengine." Mzee Stanislaus aligeuza kofia yake mikononi. "Wanasema petroli ya kijiji unaiuza, unajazia mafuta ya taa. Wanasema ndiyo maana mashine inakohoa."

Evaline alitoka jikoni kama mshale. "Nani kasema? Aje aseme hapa!"

"Evaline!" Baba alimkemea.

"Mwache," Mzee Stanislaus alisema. "Binti mwenye baba lazima aumie. Sikia, Majaliwa. Jumapili baada ya ibada tutakutana palepale kivukoni. Ukituonyesha sababu ya ugonjwa huu, maneno yatakwisha. Usipotuonyesha, usukani tutampa mtu mwingine. Na ukiondoka kwenye boti kwa namna hiyo, unajua watu watakavyokuita."

Majaliwa alijua. Evaline naye alijua. Mtu anayechakachua mafuta ya kijiji haitwi tena kwa jina lake.

Jumamosi alfajiri baba na binti waliifungua mashine, wakaifunga kwa blanketi, wakaibeba hadi barabarani. Walikusudia kwenda nayo yote kwa fundi Kasulu, mashine na tenki lake, lakini konda wa basi alilitazama tenki, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hilo hapana. Chuma chako nakipakia, lakini petroli na abiria pamoja, siwezi."

Basi tenki wakaliacha kwa mwenye duka la jirani, wakaenda na mashine peke yake.

Fundi waliyeelekezwa aliitwa Cadet. Alizaliwa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, katikati ya pikipiki na mashine za kusaga. Alipoona blanketi likifunuliwa alipiga makofi.

"Ee! Moteri ya mtumbwi! Huku kwenye milima! Masikini, imepotea njia!" Aliipapasa shingoni kama mtu anayemsalimu farasi. "Mimi moteri kama hii niliijua mbele nijue kuvaa suruali. Inafanya nini?"

"Inakwenda vizuri," alisema Majaliwa, "halafu inaishiwa nguvu, inazima. Baada ya muda inawaka, inakwenda vizuri tena."

Cadet aliifunga mashine kwenye pipa kubwa lililojaa maji, akachomeka mpira kwenye dumu lake mwenyewe la petroli. "Naweka esansi yangu. Yenu mumeiacha," alisema. Akavuta kamba. Maji yalifoka kutoka kwenye pipa, watoto wa sokoni wakaja mbio wakishangilia, mwenye genge la nyanya akatukana kwa sababu nyanya zake zimeoshwa bila ruhusa. Mashine ilinguruma. Ilinguruma mpaka watoto wakachoka kushangilia, wakaondoka. Haikukohoa hata mara moja.

"Fundi, badilisha tu vyote," Evaline alisema kwa sauti ya kushinda mngurumo. "Plagi, mpira, kabureta, kila kitu! Lazima mojawapo ni mbovu."

Cadet aliizima mashine. "Hapana, mama. Ukibadilisha vyote pamoja, ikipona utajua ni nini ilikuwa mgonjwa? Hautajua. Kimoja-kimoja. Unashika kimoja, vingine vyote unaviacha vilevile, unasikiliza. Kikiwa kizima unakirudisha, unashika kingine." Alifungua kabureta, akaimulika, akapuliza mahali palipohitaji kupulizwa. Akaangalia plagi. Akanyoosha mgongo, akatamka hukumu kwa kujiamini kabisa: "Moteri hii haina ugonjwa. Ni esansi yenu. Esansi yenu ni mbovu, basi. Cadet hakosei."

"Nilijua!" Evaline aliruka. "Ni yule muuzaji wa petroli wa barabarani! Anachanganya vitu!"

"Umemwona akichanganya?" baba aliuliza.

"Sijamwona, lakini najua."

"Na wale wanaosema mimi nachanganya," baba alisema polepole, "nao hawajaniona, lakini wanajua."

Evaline akaanza kuifunga mashine kwa blanketi.

Ndani ya basi la kurudi, Majaliwa alikaa akitazama milima ikipita dirishani. Walikuwa wamekaribia nyumbani alipofungua mdomo. "Mashine ni nzima. Basi kesho watasema ni petroli. Na petroli inapita mikononi mwangu tu."

Evaline alikuwa akifikiri kwa nguvu zake zote. Yeye hakuwa mtoto wa kukubali kushindwa. Hata hesabu iliyomkataa darasani alienda nayo kitandani. "Baba," alisema, "kitu gani kiko kwetu ambacho hakikwenda Kasulu?"

"Petroli. Tenki." Baba alitabasamu kidogo. "Na mto."

"Basi tufanye kama alivyosema fundi. Kimoja-kimoja."

*

Jumapili, kengele ya ibada ilipokuwa bado haijalia, walikuwa tayari kivukoni, na tenki wamekwisha kulichukua kwa mwenye duka. Majaliwa aliifunga mashine mahali pake, kisha akaifunga boti yenyewe kwa kamba nene kwenye kisiki cha ukingoni, ili mashine ivute kwa nguvu zote bila boti kwenda popote.

"Kwanza petroli," alisema Evaline.

Petroli ileile iliyokuwa kwenye tenki waliimimina ndani ya dumu safi, wakatumbukiza mpira ndani yake. Mashine ilivuta, kamba ikakazika kama uzi wa zeze. Walingoja. Jua lilipanda juu ya mafunjo, ukungu ukatoka mtoni, mashine ikaendelea kuvuta bila kikohozi.

"Petroli haina kosa," alisema Majaliwa, na sauti yake ilikuwa na furaha kubwa. "Umesikia? Haina kosa! Ningeomba waje wasikie sasa hivi."

"Bado, Baba. Sasa tenki."

Wakairudisha petroli kwenye tenki, wakakaza kifuniko, wakalegeza skrubu ndogo ya hewa iliyo juu yake kama Majaliwa alivyofanya kila asubuhi. Mashine ikanguruma. Evaline alikaa kando ya tenki, baba alisimama nyuma ameshika usukani. Mwanzoni hakukuwa na tofauti. Kisha sauti ikaanza kukonda. Ikapanda mlima na mzigo wake. Ikakohoa.

"Ndiyo hiyo!" baba alipaza sauti. "Usiguse kitu! Tazama tu!"

Evaline alitazama. Na alichokiona kilimshangaza: tenki lilikuwa limebonyea. Mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani kama mashavu ya mtu anayefyonza muwa. Aliweka mkono juu ya kifuniko, akakizungusha kidogo.

Fyuuuu.

Hewa iliingia kwa kasi, mbavu za tenki zikarudi mahali pake kwa mlio, na mashine, iliyokuwa karibu kufa, ikashika pumzi ikanguruma.

Evaline akakitoa kifuniko. Aliijua sauti ile. Aliisikia siku zote uani kwa Bibi, kila lilipofunguliwa dumu la mawese lililofungwa moto likapoa. Aligeuza kifuniko juu chini. Ndani yake, kimeshindiliwa vizuri, kimekatwa duara safi, kimekwishakuwa cheusi kwa mafuta mpaka mtu angedhani ni mpira uliotoka nacho kiwandani, kulikuwa na kipande cha nailoni.

Alikikata yeye. Alikiweka yeye, siku ile mama wa watu alipotupa unga wake. Petroli ilikuwa inamwagika kupitia katundu ka hewa, chini ya ile skrubu, naye akaziba katundu kama alivyoziba madumu, kwa ufundi wake wote. Hakumwambia mtu. Alitaka waone wenyewe.

"Umefanya nini?" baba aliuliza kutoka nyuma. "Imerudi!"

"Nimefungua kifuniko tu."

"Mimi nakifungua kila siku." Baba alikuna kichwa. "Kifunge tujaribu tena."

Evaline alikifunga. Lakini nailoni haikurudi kwenye kifuniko. Ilikuwa ndani ya ngumi yake. Safari hii mashine haikukohoa. Ilivuta na kuvuta, mpaka watu wakaanza kushuka kutoka kanisani, akina baba kwa akina mama, na watu wa ng'ambo waliokuja kwa mitumbwi ya kupiga kasia. Renatus alikuwapo, amemshika Nadine mkono. Bibi Ernesta naye alishuka na mkongojo wake.

"Imepona!" Majaliwa aliwapigia kelele. "Sikilizeni! Imepona!"

Mzee Stanislaus alisikiliza. Akasubiri izimwe, kisha akauliza swali ambalo Evaline hakulitarajia. "Imeponywa na nini?"

"Sijui, Mzee. Imepona yenyewe."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. "Mashine inayopona yenyewe siku ya kikao! Jana usiku imewekewa petroli safi, ndiyo maana. Mwizi akiona mkutano anakuwa malaika."

"Hiyo ni petroli ileile," alisema Majaliwa.

"Nani ameshuhudia?"

Majaliwa akamtazama Evaline. Aliyeshuhudia alikuwa binti yake tu, na binti yake alikuwa anatazama chini.

Evaline alisikia nailoni ikiteleza kwa jasho ndani ya ngumi. Maji yalikuwa hatua moja tu kutoka alipo. Angeweza kuitupa. Ingekwenda na mkondo pamoja na majani, mashine isingekohoa tena, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini sasa aliona vizuri, kama alivyoona mbavu za tenki: mashine ikipona bila sababu, baba ndiye atakuwa sababu. Watasema alikuwa anaiba, akaogopa, akaacha. Ukimya wake ungeitibu mashine na kumfukia baba.

Alipanda juu ya ubao wa boti, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Mzee Stanislaus," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akaikaza. "Mimi ninajua. Ni mimi."

Akafungua ngumi. Akaeleza unga, katundu, nailoni na madumu ya Bibi.

"Mtoto anamkingia baba yake," ikasema ile sauti ya nyuma.

Damu ilimpanda Evaline. "Sikingi mtu! Njoo wewe mwenyewe hapa mbele, shika tenki kwa mikono yako. Nitaiweka nailoni, utaona. Nitaitoa, utaona. Kitu kingine chochote sigusi."

Yule mtu hakuja. Mzee Stanislaus alipanda yeye, akavua kofia, akachuchumaa. Evaline akaishindilia nailoni mahali pake, akakaza kifuniko. Majaliwa akawasha. Mashine ikavuta kamba, ikavuta, kisha ikaanza kukonda, na mikono ya mzee ikasikia tenki likiingia ndani.

"Linabonyea!" alishangaa. "Linabonyea kabisa!"

"Mashine inakunywa petroli, Mzee," alisema Evaline, "lakini hewa ya kushika nafasi yake haiingii. Baadaye mashine inavuta, hakuna kinachokuja. Likiwa limejaa linabanwa upesi. Likiwa nusu, hewa iliyomo inalichelewesha. Ndiyo maana siku nyingine ilikohoa, siku nyingine haikukohoa. Na Baba kila ilipozima alifungua kwanza kifuniko aone kama petroli ipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa. Si plagi, si kabureta."

Mashine ilikohoa, ikafa. Evaline akampa mzee nafasi ya kufungua kifuniko. Fyuuuu. Watu wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma. Nailoni ikatolewa, mashine ikawashwa, na safari hii hakuna aliyeweza kuicheka.

"Yewe!" Bibi Ernesta aligonga mkongojo. "Ufundi wangu wa mawese umeupeleka kwenye petroli! Ungeniuliza, mwana wanje, mtoto wangu, ningekwambia: dumu la mawese halinywewi likiwa limefungwa!"

Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa kizuri. Mzee Stanislaus alisimama katikati ya boti, kofia bado mkononi.

"Majaliwa, usukani ni wako," alisema. "Na kabla sijasema la binti, niseme letu sisi wakubwa. Tulimhukumu mtu kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Mimi nililibeba neno hilo mpaka mlangoni kwake. Nimekosa, na nasema mbele ya wote." Akamgeukia Evaline. "Sasa wewe. Kuziba petroli isimwagike halikuwa kosa la moyo, ulitaka kusaidia. Kosa lako ni kugusa kitu kinachobeba roho za watu, kisha usimwambie anayekiendesha. Angejua, angekitazama siku ya kwanza ilipokohoa. Lakini leo ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, ukasema. Wengi waliosimama hapa, watu wazima na ndevu zao, wangeitupa ile nailoni mtoni."

Majaliwa aliweka mkono begani kwa binti yake. "Na mimi nina deni," alisema. "Akina mama waliponiambia unga wao unanuka, nilisema kesho. Ningelitazama siku ileile, mtoto asingehitaji kuziba kitu. Leo hii, kabla ya jua kuzama, tenki linahamia nyuma, ndani ya sanduku la mbao, mbali na mizigo. Katundu ka hewa kanabaki wazi. Evaline, bila shaka unajua atakayeshika misumari."

"Mimi," alisema Evaline, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu. "Tena, Baba, lazima tumpelekee habari fundi Cadet. Alisema hakosei."

Sanduku lilipokwisha, watu wa ng'ambo walifunga mitumbwi yao nyuma ya boti ikokotwe, wakaanza kupanda. Renatus alipanda kwanza, akijaribu kutunga ubeti mpya. "Mashine ya Majaliwa... imepata hewa sasa... imepata..." Akakwama.

"Lete nyundo nikusaidie na hilo," Evaline alimwambia.

Lakini Nadine alibaki ukingoni. Alitazama maji mekundu, akatazama mafunjo, miguu yake midogo imekita kwenye matope. Evaline alishuka, akachuchumaa mbele yake, macho yakawa sawa na macho.

"Unaogopa mimi nitaiziba tena?"

Nadine akaitikia kwa kichwa.

Evaline aligeuka, akatazama boti iliyojaa watu, akatazama baba yake nyuma na mkono kwenye kamba. Kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, hata bibi yake aliyekuwa ameanza kupanda mteremko:

"Nadine, ninakuahidi. Nikigusa kitu chochote cha boti hii, hata kamba, hata msumari, nitasema siku hiyohiyo, kabla wewe hujapanda."

"Hata ukiona aibu?"

"Hata nikiona aibu."